Nusu Sekunde

Kwa fundi Likapa, nyuma ya ghala la korosho, Masasi,
tulikuwa wapiga besi watatu na sufuria moja.
Ndani ya sufuria nyuzi nne zinachemka
kwa maji na siki kidogo,
maana seti mpya ni bei ya kilo nyingi
na minada bado haijafunguliwa.

Nandonde alikuwa ameshaanza.
Nandonde huanza kabla ya salamu.
"Besi ni nguzo, na nguzo haina vivuli vitatu.
Eko mpe wa solo, yeye ana nafasi ya kupotea.
Wewe ukipiga do, ikarudi do, ikarudi tena do,
mcheza dansi ashushe mguu kwenye ipi?"

Mimi ni wa kwaya. Nilisema taratibu
kwamba kuna kanyagio dogo la siku hizi, la buluu,
unalipimia mwendo kwa kidole cha mguu;
ukilipa robo tatu ya pigo, ukalifungua kidogo tu,
pambio linapata upana bila kuongeza mtu.
"La plastiki," akasema Nandonde.
"La chuma."
"Kitu kisicho na uzito hakina sauti."

Ndipo Somoe akafungua kitenge.
Humo: sanduku la kijivu, zito kama jiwe la kusagia,
vitufe vitatu, kimoja kimebaki shina,
na chini ya kifuniko kitanzi cha tepu ya kahawia
kimepita kwenye vichwa kama uzi kwenye cherehani.
Eko ya baba yake, Chitanda,
aliyepigia bendi ya ushirika mpaka bendi ikafa,
kisha akaendelea sebuleni, yeye na sanduku,
mpaka naye.

Nandonde hakusema nguzo.
Aligusa lile shina la kitufe.
"Alikuwa anaweka hapa. Chini ya nusu.
Miaka sita nilimwibia kwa macho."

Likapa akafuta vichwa kwa spiriti na pamba.
Akabadilisha fyuzi. Amplifaya ya valvu
ikapewa dakika tano ipate moto,
tukaitazama inavyoiva rangi ya chungwa.
Luku ilikuwa na uniti tatu.
Hakuna aliyekuwa amepiga kitu,
nyuzi zilikuwa bado jikoni.
Akawasha. Tepu ikajikokota, ikashika mwendo,
na spika ikasema,
mara moja, kwa ufupi,
*dum*,
na nyuma yake kitu kama kiti kinasogezwa.

Basi.
Baada ya hapo, mvumo mtupu.

Likapa alizima upesi, lakini kuzima hakurudishi.
Akatueleza huku akiiangalia meza:
kabla ya kichwa cha kurekodi kipo cha kufuta,
nacho hakichagui.
Kilichopona ni kile kilichokuwa kimeshakivuka
siku mzee alipozima, kipande cha vidole vitatu,
kinangoja zamu yake ya kusikika.
"Ningekata ule waya kwanza," alisema. "Ningeukata."
Hatukumjibu. Maji yakafurika, yakamwagikia makaa.

Kisha Nandonde: "Ilikuwa sol."
Nikasema, la.
"La ya kukataa, au la ya noti?"
"La, ilikuwa la."
"Masikio ya kwaya hayo!"
Somoe akasema ilikuwa la, ila imeshuka,
kwa sababu uzi wa tatu hakuwahi kuukaza sawasawa,
nyumbani walimwambia mpaka wakachoka.
Tukabishana hivyo, sauti zikapanda,
Nandonde akaapa kwa kaburi la mama yake kuhusu sol,
mpaka uniti zikaisha
na valvu zikapoa zikitoa mlio mdogo, tik, tik.

Kwa tochi ya simu yangu Somoe aliopoa nyuzi kwa uma,
akazipangusa kwa kile kitenge, zikiwa bado za moto,
akazifunga moja moja kwenye besi ya mzee.
Wa kwanza akaukaza. Wa pili pia, na wa nne.
Wa tatu aliukaza,
akausikiliza kwa ukucha,
akaulegeza kidogo.