Daftari la Ekari

Nilipewa daftari la jalada jekundu,
kalamu mbili na posho ya siku nne,
nikaambiwa: andika wakulima wa Kwedikole,
jina, namba ya simu, ekari.
Handeni wanasubiri.

Nikaanza mlimani kwa mzee Semgaya.
"Ekari ngapi?"
Akahesabu kwa midomo kama anayemeza vidonge.
"Andika tatu. Ila moja ni ya nguruwe,
nusu wanavuna ngedere,
na ile ya bondeni, mwaka wa mafuriko,
ilihamia kwa shemeji yangu.
Andika tatu, mwanangu. Kulima nimelima."
Nikaandika tatu.

Sekiondo wa duka, ambaye jembe lake
bado lina karatasi ya kiwandani,
alinikaribisha soda.
Sikumuuliza. Alitaja mwenyewe: kumi na mbili.
Soda ilikuwa ya baridi kweli.
Nikaandika.

Bi Zaituni Mhina hakuwa na simu.
"Namba ni lazima," nikamwambia.
Akaingia ndani, akatoka na kadi ya kliniki ya mjukuu.
"Hii nayo ina namba. Tena ndefu."
Nikacheka.
Yeye hakucheka.
Ekari yake moja, iliyopaliliwa
hadi mistari ikaonekana kama kichwa kilichosukwa,
haikupata mstari kwenye daftari langu.

Siku ya nne, jua likiniishia,
ukurasa wa mwisho ulibakiwa na nafasi ya mtu mmoja.
Nikamwandika baba.
Majina matatu, ekari mbili,
na namba ya ile simu ya vitufe ninayoichaji kila Ijumaa
kwa kuwa mama hataki izimike.
Baba ana mwaka wa pili kaburini.

Ikaita usiku, ndani ya kabati.
"Ndugu mkulima, hongera. Umesajiliwa.
Fika kwa wakala na namba yako ya siri."
Mama aliniambia nimsomee mara mbili,
polepole, kama barua ya aliye safarini.
"Wanamwita ndugu," akasema.
Basi.

Wakala yuko Mkata.
Ruzuku ilishusha bei,
bodaboda ikaipandisha hadi pale pale ilipokuwa.
Mvua ilikuwa imetangulia wiki tatu.
Nikasaini kwa mwandiko wa baba,
na ule mkia wa mwisho aliokuwa akiuvuta
hadi nje ya kisanduku.
Niliupatia kuliko alivyoupatia yeye.

Sasa mifuko miwili imekaa sebuleni.
Nje, mahindi yanaanza kuwa njano
kutokea majani ya chini,
na mama hajaruhusu kisu kiguse uzi.
"Chenye jina la mtu," anasema, "humngoja mtu."
Kila asubuhi anafagia nyumba nzima;
akifika kwenye mifuko anapunguza mkono,
anaizunguka kwa ncha ya ufagio,
kama miguu ya mgeni aliyeketi
ambaye si adabu kumwinua.

Leo Bi Zaituni amepita barabarani,
beseni la samadi ya mbuzi kichwani,
shingo imenyooka.
Hakusimama. Aliita tu kutoka kule kule:
"Karani! Ile namba ya mjukuu wangu,
bado haijaita?"

Ndani, ufagio ukanyamaza.