Kikohozi cha Wieland

Jalada lilionyesha mwanamke ufukweni,
miguu kwenye povu, ametupa mgongo.
Sisi hatukuwamo. Jina la okestra lilibuniwa
na karani wa kampuni huku akila soseji:
okestra isiyokuwepo, ya mji usio na bahari.

Tulikuwa thelathini na wanne, Kolon, Februari,
mtambo wa joto umekufa, makoti mabegani,
mimi na viola yangu safu ya tatu
karibu na mlango wa choo.
Nyimbo kumi na mbili kwa siku mbili.
Zote tulizijua, zilikuwa redioni, zilikuwa sokoni,
dada yangu alifua nguo akiziimba.
Ila maneno tuliyachomoa moja moja
kama miiba ya samaki
ili mtu ale bila kuangalia.

“Laini,” alisema kondakta, Bwana Harkort. “Laini zaidi.
Pigeni kama watu wanaokunja shuka
na mtoto amelala chumba cha pili.”

Upande wa pili, wimbo wa nne,
pale fidla zinapovuta pumzi kabla ya kurudia kiitikio,
Wieland wa tromboni alikohoa.
Kidogo tu. Harkort akatazama saa,
akatazama bahasha za malipo,
akasema: Imepita.
Tukapokea marki themanini kila mtu
tukaenda kunywa supu ya dengu.

Leo, miaka hamsini na ushei,
nimeingia lifti ya hospitali
na kopo la mkojo nimelifunga kwenye leso.
Kuna kijana ana maua, kuna muuguzi anasinzia wima.
Na juu ya vichwa vyetu, kwenye kitundu cha dari,
sisi.
Vidole vya kushoto vilijua kabla yangu:
vilikwisha kushika kamba ya mkoba, vinatafuta noti.

Ghorofa ya pili. Ya tatu. Kijana akashuka na maua yake.
Fidla zikavuta pumzi.

Wieland tulimzika mwaka ule wa mafuriko.
Mkewe hakuwa na hata kaseti ya sauti yake,
alituuliza sote, mmoja mmoja, pale kaburini.
Kumbe huyu hapa, kati ya ghorofa ya nne na ya tano,
anasafisha koo
kama mtu mwenye neno, kisha akaliacha.

“Bibi, maabara ni hapa,” muuguzi ameamka.
Nikamwambia nimesahau kitu chini.
Nikabonyeza kitufe cha mwisho kabisa.

Zimebaki nyimbo kumi na moja hadi akohoe tena.
Kopo langu bado lina joto.