Makopo ya Dirishani

Dirisha la jiko letu linatazama kiwanda cha saruji.
Ukilifunga, moshi wa mkaa unakukaba;
ukilifungua, vumbi linaingia bila hodi
na kukalia kila kitu, hata salamu.
Kwenye ukingo wake, upana wa kiganja,
nimepanga makopo ya samli
niliyoyatoboa matako kwa msumari na jiwe:
giligilani, mrehani, mchaichai unaogonga kioo kwa kichwa,
na nanaa, mgomvi asiyejua mpaka,
ndiyo maana nimemfungia peke yake.

Mama mkwe alikuja Tororo mwezi wa tatu
kwa ajili ya macho.
Daktari alisema wiki mbili,
hospitali ikasema dawa haijafika.
Nyafwono, aliyelima ekari tatu za wimbi kwa jembe moja,
alisimama jikoni, mkono kiunoni,
akauliza, "Hili ndilo shamba?"
Akacheka mpaka akakaa chini.
"Na mavuno, mnayapakia kwenye kijiko?"

Mkwe hajibiwi.
Nilichuma majani manne ya mrehani kwa hasira,
nikayatumbukiza kwenye chai yake.
Alinusa kabla ya kunywa. Akanusa tena.
Hakusifu.
Aliomba kikombe cha pili.

Tangu hapo, alfajiri, Owor hajavaa viatu vya kazi,
nilimkuta dirishani na kitambaa kibichi,
akipangusa saruji jani moja moja
kama anayemfuta mtoto makamasi.
Macho yalimpa ukungu tu;
vidole ndivyo vilivyosoma:
huyu laini, huyu ana vinyweleo, huyu anakata.
Akawapa majina ya wake wenza wa baba yake.
Nanaa akawa Apiyo,
"kwa sababu hakuacha mtu alale."

Wiki ya tano niliona kijani kigeni
ubavuni mwa giligilani, shina jekundu, jani pana.
Nikalishika. Sijui alisikiaje.
"Acha."
"Mama, ni gugu."
"Ni dodo. Nimeipanda mwenyewe."

Mbegu alizitoa Nagongera
katika fundo la pindo la kitenge,
bila kumwambia mtu,
kama mwingine anavyoficha hela.

Tuligombana kwa adabu, ugomvi wa wakwe,
wa sufuria kutuliwa kwa kishindo kidogo.
Nilisema mchicha ni wa shambani,
utakula udongo wote, utaua giligilani yangu.
Alisema giligilani haijawahi kumshibisha mtu.
Sote tulisema kweli.
Giligilani ilikufa.

Mwezi wa sita kiwanda kilichelewesha mshahara.
Tulichuma dodo kutoka kopo la marehemu,
tukaipika kwa karanga za kusaga.
Haikutosha. Sitadanganya ili shairi lipendeze:
tulikopa unga kwa Wandera kama majirani wote.
Lakini kabla ya kuipua
alikata mrehani kwa kucha, yeye mwenyewe,
akaunyunyiza juu,
na ng'ambo ya ukuta sauti ikauliza
leo mna mgeni gani.

Agosti jicho moja lilifunguka.
Alitazama dirisha kwa muda mrefu,
akasema ni dogo kuliko alivyolishika.
Akaondoka na kopo la nanaa,
kalipakata kwenye basi,
akaniachia duara safi
katikati ya vumbi la ukingo.
Sijaweka kitu hapo.

Jana kapiga simu.
Apiyo ametoroka! Kavuka mfereji,
kaingia kwenye mihogo, anapanda mpaka chooni.
Alilalamika kwa ile sauti
ya watu wanaolalamika wakiwa na furaha.
Nikamwambia, "Mama, si nilikuonya?"
Akanyamaza kidogo. Nikasikia kuku, na upepo.
"Njoo umvune," akasema.
"Kijiko kiache. Beba gunia."