Vidole Viwili na Nusu

Aliingia karakanani akiinama, kama wote wa ukoo wa Nandonde;
mlango wangu niliujenga kwa watu wa kawaida.
Askari wa wanyamapori, kofia mkononi,
bunduki begani, shavu limevimba upande mmoja
kama mtu aliyeficha korosho mdomoni.

"Fundi Malibiche, hii inanipiga."
Nikamwambia kila bunduki hupiga, ndiyo kazi yake.
"Inanipiga mimi," akasema. "Tembo wanasimama kutazama."

Nikacheka. Kisha nikamwomba atoe risasi,
aziweke mezani, nizihesabu kwa macho yangu.
Tatu.
Nikazifunika kwa kopo la gundi.

Bunduki sijawahi kuitengeneza.
Natengeneza vitanda, milango,
madawati ya shule yaliyolipwa nusu.
Lakini kitako ni mbao, na mimi na mbao tunajuana.

Lenga, nikamwambia. Akalenga msumari ukutani.
Loo! Shingo kaikunja kama twiga anywaye maji,
kiwiko hakina pa kwenda,
kidole gumba kimelala juu ya pua.
Aliyeichonga alikaa mbali huko, akakata mti nisioujua jina
kwa kipimo cha mtu mwingine,
naye mtu huyo hakuajiriwa Liwale.

Nikampima: mkono umekunjwa, kitako kwenye kunjo la kiwiko,
kidole cha shahada kitafute kifyatulio.
Kikakipita,
kikaning'inia mbele kama mgeni aliyepitiliza nyumba.
Vidole viwili na nusu vinapungua. Vyangu, si vyake.

Nilipoinua futi hadi begani kwake nikakumbuka:
baba yake nilimpima mara moja tu, kwa ufito,
nikate mbao za mwanandani.
Kaburi lilikuwa limeshachimbwa kwa kukisia.
Tukaongeza shubiri nzima upande wa miguu,
watu wamesimama, jua linazama, hakuna aliyesema neno.
Huyu alikuwa mtoto, ameshika chepe refu kumzidi.
Sikumkumbusha.

Nikachukua tendegu la mkongo,
la kitanda ambacho mwenyewe alihama na deni langu.
Nikakata, nikapiga randa, nikapiga msasa
mpaka ungo la mbao likakaa juu ya lenzake bila kupitisha ukucha.
Mwisho nikabandika soli ya katambuga,
mpira wa lori, ule mkongwe usiojua kulalamika;
teke likija lianzie kwake.

Gundi ilikuwa bado mbichi aliposema,
"Sasa Mkwinda itakuwaje?"
Mkwinda yupi?
"Mwenzangu. Zamu ya usiku. Bunduki ni moja."
Mkwinda namjua. Akisimama na huyu, anamfikia kwapani.

Nikaa kimya kama mtu aliyeshona suruali ya mguu mmoja.
Nikabandua. Nikafuta gundi kwa shati langu.
Nikatoboa upya, nikatia skrubu mbili za kichwa kipana
zinazofunguka kwa sarafu ya mia mbili.
Mchana utafunga, nikamwambia, jioni utafungua,
kipande utembee nacho mfukoni,
na sarafu hiyo usinunulie sigara.

Akalenga tena. Shingo imesimama.
Msumari ukamtazama, akautazama.
Nikafunua kopo, nikamrudishia risasi zake, moja, mbili, tatu,
na bei nikasahau kuitaja.

Usiku wa juzi, upande wa Mihumo, kwenye mahindi,
ulilia mlio mmoja.
Kisha madebe, kisha mbwa, kisha kimya.
Mke wangu akageuka, akalala.
Mimi nimekodoa macho kwenye bati,
nauliza ni bega la nani,
na kama gizani, kwa vidole vinavyotetemeka,
sarafu ilionekana.