Mtegemezi

Kampuni ilinihamisha pamoja na kreni yake
kutoka Kalemie hadi bandari ya Kigoma.
Kreni ilimaliza forodha kwa siku mbili.
Mimi, huu mwezi wa tatu.

Picha sita. Vyeti vilivyotafsiriwa.
Barua ya mwajiri. Namba ya malipo
iliyoisha muda nikiwa kwenye foleni ya benki.
Kibali daraja B, sawa, nimeelewa.

Ila ukurasa wa nne, mbele ya jina la mke wangu,
karani wa Uhamiaji kaandika: mtegemezi.

Nikamwambia, dada, huyu Mwamini ni mkunga.
Mwaka nilioanguka kutoka juu ya mashine
mshahara wake ndio uliotulisha, watu saba,
ukaninunulia na huu mkongojo.
Nani hapa anamtegemea nani?

Akacheka, si kwa ubaya.
"Fomu haina kisanduku cha hilo, kaka."

Jioni nikarudi Gungu, nikakuta mlango umeegeshwa.
Mke wa mwenye nyumba kashikwa na uchungu tangu adhuhuri;
walikuja kumchukua Mwamini mbio,
hakuna aliyemuuliza daraja.

Nikapasha dagaa, nikala peke yangu.
Fomu iko mezani, chini ya kopo la chumvi.
Inangoja sahihi yake.