Dazeni

Barani, Malindi, nyuma ya duka la magodoro,
tuko saba na majiliwa saba,
feni inageuka kama mtu asiyetaka kusalimu.
Mimi nafunga uduvi.

Ndoana namba kumi na mbili. Risasi nyembamba, mizunguko sita,
ili azame. Manyoya ya sungura kwa tumbo,
nayachokoa kwa sindano yawe miguu.
Mgongoni utepe wa nailoni, na waya wa shaba
unaomkata pingili pingili.
Tone la gundi. Mwingine.

Wanakwenda kwenye maziwa ya baridi
ambako, asema Bwana Kupi, mtu husimama majini
hadi kiunoni, kavaa mpira, tangu alfajiri,
kumdanganya samaki aitwaye trauti.
Akimpata humpima, humpiga picha,
humrudisha.
Nilipomweleza bibi Haluwa aliacha kupepeta.
"Humrudisha? Na nyumbani wanakula nini, picha?"

Sampuli ilikuja ndani ya bahasha: uduvi aliyejikunja
kama ukucha uliokatwa.
Nikamwambia Bwana Kupi, huyu amekufa.
Mimi ni wa Sabaki, pale mto unapoingia baharini.
Nimetanda na mama kwa kanga kuukuu,
tope hadi mapajani,
nawajua walivyo kabla ya chumvi na jua.
Akiogelea hunyooka,
kama msumari mdogo wenye haraka.
Hujikunja akishikwa, au akiingia sufuriani.
Bwana Kupi akaitazama bahasha, akanitazama.
"Mbeyu, mteja hakuagiza aliye hai."

Basi.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema;
uongo wangu hupanda ndege.
Nafunga kumi na mmoja waliopinda, kama walivyotaka.
Wa kumi na mbili namnyoosha.
Namlaza katikati ya wenzake, asionekane
mpaka kifuniko kifunguliwe
na vidole vilivyokufa ganzi.

Sijui kama kuna aliyemwona.
Pengine alitupwa: kazi mbovu, mikono ya haraka.
Pengine saa hii, kwenye ziwa lisilo chumvi,
ziwa nisiloweza kulifikiria ila kama
maji ya mtungi yaliyosahauliwa uani usiku wa Julai,
samaki nisiyeijua ladha yake
amewapita kumi na mmoja bila kugeuza jicho,
kisha

saa kumi na moja. Feni inazimwa.
Manyoya ya sungura kwenye nyusi, kwenye kikombe cha chai.
Bwana Kupi anapita na kidole chake,
dazeni, dazeni, dazeni,
anafika kwenye kisanduku changu.
Kidole kinasimama kidogo.
Kinaendelea.