Kidonge Ndani ya Bilauri

Hapa Ohrid maji ya ziwa ni maangavu kupita adabu.
Ukisimama mwisho wa gati unaona mawe ya chini, moja moja,
na kopo la dagaa lililosahauliwa na mtalii,
na kina chote hicho kati yako na kopo.
Afadhali lingekuwa tope. Tope lina staha, linaficha.

Nina miaka hamsini na sita.
Thelathini na mitatu nimeoka mikate
hatua mia mbili kutoka ufukweni,
na maji yangu yote yamekuwa ya ndoo na ya birika.
Maji hayana mpini, alituambia mama,
utashika wapi?
Tukamwamini, mimi na dada zangu,
tukafua mazulia kwa kuinama, miguu mikavu.

Sasa ananifundisha Despina, mjukuu wa jirani,
miaka kumi na minne, waya kwenye meno,
subira hana hata chembe.
"Lala, shangazi Stojna. Lala tu."
Lala! Kama kwamba ametandika shuka.
Juma la kwanza, maji ya kiunoni.
La pili, ya kifuani: nikapiga mateke
nikamlowesha padri aliyekuwa akipita na gazeti lake.
La tatu nikameza nusu ya ziwa,
Despina akacheka, akaomba radhi, akacheka tena.

Leo ametaka twende penye kina.
Mita saba, anasema, kama anayetaja bei ya nyanya.
Nikashuka ngazi ya chuma, kipandio kwa kipandio,
cha mwisho kikaisha kabla miguu haijakubali.
Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, najua,
lakini aliyesema hivyo
bila shaka alikuwa na pa kukanyaga.

Nikatazama chini.
Kule kwenye mawe, kando ya kopo,
amelala mwanamke, mweusi, mnene,
mkono mmoja kauinua kama anayeomba ruhusa.
Ndiye mimi, nikawaza. Nimekwisha kuzama,
na hakuna aliyeniambia.

Nikapunga mkono ulio huru.
Akapunga.

Ilinichukua muda, sisemi uongo,
kuelewa jambo ambalo mtoto angelielewa:
aliyezama hukilalia kivuli chake.
Changu kilikuwa mbali nami, mita saba kamili,
kikingoja niende ili kinifuate.

Saa tisa usiku, kabla sijawasha tanuri,
hukata kidonge cha unga uliokandwa
nikakitia kwenye bilauri ya maji.
Kikizama, bado.
Kikielea, tayari.
Na kinachokiinua si nguvu, hakina misuli;
ni pumzi tu, iliyokaa ndani bila haraka.

Basi nikavuta pumzi, nikaiweka.
Vidole vikaachia ngazi, kimoja kimoja, kwa kinyongo.
Masikio yakaingia majini,
sauti ya Despina ikawa ya redio katika nyumba ya tatu.
Nikashuka: kidevu, midomo.
Mfa maji haachi kutapatapa,
na mimi kutapatapa ni fani yangu,
lakini safari hii nikatulia, nikashuka kidogo tena,
na ziwa likanirudisha juu,
kama mteja mwaminifu anayerudisha chenji iliyozidi.

Mbingu. Mnara wa kanisa, umepinduka.
Tumbo langu, ambalo nimelionea haya tangu ujana,
limechomoza juani kama mkate wa sikukuu.

Nikahesabu hadi arobaini na moja.
Arobaini na mbili ikaja na nyigu, puani,
nikapiga ukelele, nikameza,
nikashika nywele za Despina, na ngazi, na jina la Mungu,
vyote kwa pamoja.

Usiku huu kidonge kimezama.
Sijakikemea, sijaongeza hamira.
Nimevuta kiti, nimekaa mbele ya bilauri,
nywele zangu bado mbichi.